Kadi ya grafiki kwa Linux na BSD: AMD, NVIDIA au Intel kwenye kompyuta ya mezani iliyotumika

Muuza kadi za grafiki mjini Kampala atakutajia kwanza GB. Ya GB 4 ataisifu kuliko ya GB 2, na bei ataipanga hivyo hivyo. Kwa anayetumia Linux, FreeBSD au OpenBSD, hicho ni kipimo cha mwisho kabisa. Kadi ya GB 4 ambayo draiva yake ilikwisha kuachwa na mtengenezaji itakusumbua kila kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inapopanda toleo. Ya GB 2 ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli utaichomeka na kuisahau. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na kasha na wati, kwa sababu hapo ndipo kadi nyingi zinakataliwa mapema, kisha unakaa kwa muda kwenye draiva.

Kompyuta tunayoifikiria ni ile iliyojaa madukani: Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka ofisi ya Ulaya, i5 ya kizazi cha 3 hadi cha 8, kasha jembamba la SFF. Mwenye kasha kubwa na pawa saplai ya kawaida ana uhuru zaidi. Naye ana fungu lake chini.

Huenda huhitaji kadi

Grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa inatumia draiva ya i915, imo kwenye kerneli, na Mesa, maktaba huria ya grafiki, inaipa OpenGL (njia ya programu kuchora picha kwa kadi) bila kusakinisha chochote. Kwa LibreOffice, kivinjari, kuandika programu na monita mbili, inatosha. Kadi inakuwa na sababu pale prosesa isipokuwa na grafiki yake (Intel zinazoishia na herufi F, Xeon nyingi, Ryzen nyingi za mwanzo zisizo na G), au unapotaka monita ya tatu, michezo, Blender (programu ya picha za 3D) au CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi).

Wengi hununua kadi kwa sababu ya YouTube kukwama. Chanzo ni kwamba YouTube hutuma video za miundo ya VP9 au AV1, wakati grafiki ya Intel ya kizazi cha 3 na cha 4 inafungua H.264 tu kwa maunzi. Zilizobaki zinaangukia prosesa. Weka kwanza nyongeza ya kivinjari iitwayo h264ify, ambayo inailazimisha YouTube itume H.264. Mara nyingi tatizo linaishia hapo na pesa zinabaki mfukoni.

Kasha, wati na bamba

Tundu la PCIe x16 linaruhusiwa kutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo ina soketi ya pini 6 au 8, na pawa saplai za OptiPlex na EliteDesk za SFF hazina waya huo. OptiPlex 7010 ya SFF ina pawa saplai ya wati 240, na 9020 ya SFF ina wati 255. Adapta ya kugeuza waya wa SATA kuwa pini 8 inauzwa kila mahali, na inaunguza plagi: waya mmoja wa SATA haukuundwa kubeba wati 150. Usiiguse. Tena baadhi ya SFF zimewekewa na mtengenezaji kikomo kilicho chini ya wati 75, kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako; kadi ya wati 30 hadi 50 ndiyo salama.

Pili ni kimo. SFF inataka kadi fupi yenye bamba la sentimita 8, si lile la sentimita 12. Kadi fupi zilizotumika mara nyingi huuzwa zikiwa na bamba refu tu, lile fupi limepotea. Bila bamba kadi inaning'inia kwenye tundu, na ukichomeka waya wa HDMI inainuka upande mmoja na mashine inakosa picha. Dai bamba kabla ya kulipa. Tatu ni unene: kwenye kasha nyingi za aina hii tundu la x16 limebanwa na pawa saplai, kwa hiyo kadi ya nafasi mbili haiingii hata ikiwa fupi. Pima kwa rula.

Monita nazo zina neno. Shule na ofisi nyingi bado zina monita za VGA. NVIDIA kuanzia GTX 10 haitoi tena mawimbi ya analogi, na AMD za RX nazo vilevile, kwa hiyo utahitaji adapta yenye chipu ndani ya HDMI kwenda VGA au DisplayPort kwenda VGA. Kijiplagi cha kugeuza DVI kuwa VGA hakitafanya kazi. Kadi nyingi za ofisi kama Quadro na Radeon Pro WX zina mini DisplayPort. Waya wa mini DisplayPort kwenda HDMI unatosha, ila uhesabu bei yake pia.

AMD: draiva imo ndani

Draiva ya amdgpu iliingia kwenye kerneli ya Linux 4.2 mwaka 2015. Sehemu ya juu, yaani OpenGL na mwenzake mpya Vulkan, iko ndani ya Mesa, inayokuja na kila usambazaji. Hakuna cha kupakua, hakuna cha kujenga upya kerneli ikibadilika. Kwa anayenunua bando la data kwa siku, hili si dogo: hakuna draiva ya mamia ya megabaiti ya kushusha kila mara.

Kinachohitajika ni fimwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Debian kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023 inaiweka yenyewe wakati wa kusakinisha. Kwenye Debian ya zamani zaidi, skrini inakuwa nyeusi mara tu kerneli inapowasha kadi. Dawa ni kifurushi cha `firmware-amd-graphics`.

Mtego wa AMD uko kwenye majina. Ndani ya OptiPlex zilizotumika utakuta Radeon HD 7470, HD 8490 au R5 235X. Majina yanapanda, lakini zote ni chipu ile ile ya kizazi cha kabla ya GCN (muundo wa chipu za AMD uliofuata). Zinatumia draiva ya radeon, hazina Vulkan, na kwa video hazizidi sana grafiki ya Intel iliyo pembeni yake. Usilipe nyongeza kwa ajili yake. R5 240 na R7 240 ni GCN ya kwanza, bora kidogo, lakini kwenye kerneli nyingi zinazotumika bado zinashikwa na radeon mpaka uongeze kwenye GRUB (programu ya kuwashia mfumo):

`radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1`

Bila mstari huo Vulkan haitaonekana, na michezo ya Windows inayoendeshwa na Steam kupitia Proton haitafunguka.

Kizazi cha kutafuta ni Polaris kwenda juu: RX 550 ya wati 50, au ndugu zake wa ofisini, Radeon Pro WX 3100 (wati 65, GB 4) na WX 4100 (wati 50, GB 4, nafasi moja, matundu manne ya mini DisplayPort). Kwa kasha la SFF, WX 4100 ndiyo tunayoiweka mbele ya zote. Udhaifu wake ni kwamba Polaris inafungua H.264 na HEVC tu, VP9 na AV1 haziwezi.

RX 6400 ni mpya zaidi, wati 53, inapatikana fupi, na VP9 inafungua. Lakini ina njia nne tu za PCIe. Ubao wa PCIe 4.0 hauoni shida. Ubao wa PCIe 3.0, kama ule wa i5 ya kizazi cha 4 au cha 8, unaipa nusu ya upana, na mchezo unapojaza GB 4 za kumbukumbu unaanza kukatikakatika. Tena haina kabisa sehemu ya kusimba video, kwa hiyo kurekodi kwa OBS kunarudi kwenye prosesa. Mtu anayerekodi mafunzo au mahubiri asiinunue.

NVIDIA: uliza tawi kabla ya bei

NVIDIA ina nguvu, na kwa CUDA haina mpinzani wa kweli. Tatizo ni kwamba draiva yake rasmi iko nje ya kerneli na imegawanyika matawi (misururu ya matoleo), na kila tawi lina siku yake ya kufa.

Kadi za Fermi (GTX 400 na 500) ziliishia tawi la 390, lililoachwa mwisho wa 2022. Kepler (GTX 600 na nyingi za 700, GT 710, Quadro K600) ziliishia 470, nalo huduma yake ilikoma 2024. Maxwell na Pascal, yaani GTX 750, 900 na 10, pamoja na Quadro K620, P400, P620 na P1000, zinaishia tawi la 580. La 590 halizitambui. Turing (GTX 16, RTX 20, T400, T1000) na zinazofuata ndizo zilizo kwenye njia kuu, na hizo pia zinakubali moduli huria za kerneli ambazo NVIDIA ilizitoa mwaka 2022.

GT 730 inastahili aya yake. Kuna GT 730 ya Fermi yenye koa 96 na GT 730 ya Kepler yenye koa 384, boksi moja, jina moja. Ya kwanza inataka tawi la 390, ya pili 470. Ukiipachika kwenye Linux, `lspci -nn` itakuambia: `10de:0f02` ni Fermi, `10de:1287` ni Kepler. Hata hivyo jibu ni lile lile, iache dukani. GT 1030 nayo ina sura mbili: ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 haifiki 17. Namba ya mbele haitofautiani. Soma maandishi madogo ya boksi.

Je, draiva huria ya nouveau haiwezi kuziba pengo? Kwa kuonyesha picha, ndiyo. Kwa kasi, inategemea kizazi. GTX 900 na GTX 10 zimefungwa kwa fimwea yenye sahihi ya NVIDIA, nouveau haiwezi kupandisha kasi ya saa, kwa hiyo GTX 1060 inabaki ikitambaa kwa kasi ya kuwashia. Turing na zinazofuata zimeponea: kuanzia kerneli 6.7 nouveau inaweza kutumia fimwea ya GSP, inayosimamia kasi ya kadi, na Mesa ina NVK kwa ajili ya Vulkan. Bado si sawa na draiva rasmi kwa nguvu, lakini eneokazi linaenda vizuri.

Kuna jambo la Wayland pia, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha unaochukua nafasi ya X11. Tawi la 470 na la 390 hazina GBM, njia ambayo maeneokazi ya leo yanaitegemea, na GNOME 49 ilizima kikao cha X11 kwa chaguo-msingi. Mwenye Kepler atalazimika kubaki na Xfce au MATE juu ya X11. Si adhabu kubwa, lakini ajue anachonunua.

Kusakinisha kwenye Ubuntu: `ubuntu-drivers devices` kuona tawi linalopendekezwa, kisha `sudo ubuntu-drivers install`. Usishushe faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA. Kerneli ikisasishwa mara nyingi linabaki nyuma bila kujengwa upya. Yanayokwama mara kwa mara ni matatu.

Kwanza, vichwa vya kerneli (faili zake za kujengea draiva) havipo, DKMS, inayojenga upya draiva kila kerneli inapobadilika, inashindwa kujenga moduli, na baada ya kuwasha upya skrini ni nyeusi. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, andika `dkms status`. Kisha `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, na kwenye Debian weka pia `linux-headers-amd64` ili visasishwe pamoja na kerneli siku zijazo.

Pili, Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyo na sahihi. Wakati wa kusakinisha unaombwa nywila, na mashine ikiwaka upya inatokea skrini ya bluu ya kuandikisha ufunguo. Inasubiri sekunde chache tu. Ukiikosa, `modprobe nvidia` itajibu "Key was rejected by service". Rudia kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der` (njia ya Ubuntu), au zima Secure Boot kwenye BIOS.

Tatu, umeme ukikatika katikati ya DKMS. Moduli inabaki nusu. Mashine ikiwaka, `sudo dpkg --configure -a` kabla ya jambo lingine lolote. Asiye na UPS asianze kusasisha draiva ya NVIDIA jioni ambapo umeme unacheza. AMD na Intel haziko kwenye hatari hii kwa kiwango hicho, maana hakuna kinachojengwa hapo hapo mezani.

Intel Arc, kwa ufupi

A310 na A380 zina draiva ndani ya kerneli, ziliwashwa kwa chaguo-msingi kuanzia 6.2, na ndizo za bei rahisi zaidi zinazosimba AV1. Zinataka Resizable BAR, yaani ubao unaomruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja; Intel yenyewe inapendekeza prosesa ya kizazi cha 10 kwenda juu. Ukiweka Arc kwenye OptiPlex 9020 itatoa picha, lakini kwenye michezo utapoteza sehemu kubwa ya nguvu uliyoilipia. Kwa mashine mpya yenye kazi ya video, nzuri. Kwa nyingine, pita.

Kadi kwa kadi

| Kadi | Wati | Kasha la SFF | Draiva kwenye Linux | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|---|
| Radeon Pro WX 4100 | 50 | Ndiyo, nafasi moja | amdgpu, ndani ya kerneli | Ofisi, monita nyingi, michezo midogo |
| RX 550 | 50 | Baadhi ni fupi | amdgpu | Kama juu, na ina HDMI ya kawaida |
| RX 6400 | 53 | Baadhi ni fupi | amdgpu | Michezo kwenye ubao wa PCIe 4.0 |
| GT 1030 GDDR5 | 30 | Ndiyo | Mwisho tawi la 580 | Mwenye kukosa nyingine |
| Quadro P620 | 40 | Ndiyo, nafasi moja | Mwisho tawi la 580 | Monita nne, ikiwa bei ni ya kutupa |
| NVIDIA T1000 | 50 | Ndiyo, nafasi moja | Tawi la sasa | CUDA ndani ya SFF |
| RTX 3050 ya GB 6 | 70 | Chache ni fupi, nyingi nene | Tawi la sasa | CUDA, Blender, michezo |
| Arc A380 | 75 | Mara chache | i915, ndani ya kerneli | Kusimba video, mashine mpya |

Mwanafunzi wa Makerere anayesoma ujifunzaji wa mashine asidanganyike na GTX 1060 ya bei rahisi. CUDA 13, iliyotoka 2025, iliondoa Maxwell, Pascal na Volta, na maktaba zitafuata njia hiyo hiyo. Turing iwe ndiyo sakafu yake. Na asinunue Polaris kwa kazi hiyo, kwani ROCm, jibu la AMD kwa CUDA, iliitupa zamani.

Mwenye kasha kubwa mara nyingi anaonyeshwa RX 580. Inakula wati 185, inataka pini 8, na nyingi zilishachimba sarafu za kidijitali mchana na usiku. Zipo pia zenye vitengo 2048 badala ya 2304 zinazouzwa kwa jina lile lile. RX 6600 inakula 132, ina nguvu zaidi, na kwa UPS ya VA 650 inayobeba wati zisizofika 400 tofauti hiyo utaiona umeme ukikatika. Ikibidi iwe RX 580, fungua feni, tazama kama zinazunguka bila kukwaruza, na badilisha dawa ya kupoza chipu (thermal paste).

FreeBSD na OpenBSD

Hapa uchaguzi unapungua haraka. FreeBSD inaazima draiva za Linux kupitia drm-kmod, kwa hiyo iko nyuma ya Linux kwa matoleo kadhaa. Kadi iliyotoka mwaka huu usitarajie ifanye kazi. Polaris na RX 6000 ziko salama:

`pkg install drm-kmod`
`sysrc kld_list+=amdgpu`
`pw groupmod video -m jinalako`

Kwa Radeon za kabla ya GCN andika `radeonkms` badala ya `amdgpu`, kwa Intel `i915kms`. Ukisahau mstari wa tatu, X itawaka lakini bila kasi, na watu wengi huilaumu kadi. NVIDIA inatoa draiva rasmi ya FreeBSD, na matawi ya zamani yako kwenye vifurushi kama `nvidia-driver-470`, kwa hiyo si mbaya kama inavyosemwa.

OpenBSD haina draiva ya NVIDIA yenye kasi, na hilo halitabadilika kesho. AMD au Intel pekee. Fimwea inaletwa na `fw_update`, inayohitaji intaneti mara ya kwanza kuwasha. Kama huna waya wa mtandao siku hiyo, weka fimwea kwenye flashi mapema.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda na flashi yenye Ubuntu au Fedora ya kujaribu bila kusakinisha. Muuzaji wa maana atakuruhusu dakika kumi. Chomeka monita kwenye kadi, si kwenye ubao mama, washa, fungua terminali:

`lspci -nnk | grep -A3 -E "VGA|3D|Display"`

Unatafuta "Kernel driver in use". Ikisema amdgpu, nouveau au i915, vyema. Kisha `glxinfo -B`, iliyo kwenye kifurushi cha mesa-utils. Ukiona "llvmpipe", picha inachorwa na prosesa na kadi haifanyi kitu. Angalia `cat /proc/cmdline` kama kuna `nomodeset`, maana ukichagua hali salama ya grafiki kwenye menyu ya kuwashia inaingia yenyewe, na hapo kadi nzima unaihukumu bure.

Kwa NVIDIA ongeza `sudo dmesg | grep -i nouveau`. Kuna kadi za bandia zinazoitwa GTX 1050 Ti ambazo ndani yake ni GTS 450 au GTX 550 Ti zilizoandikwa upya BIOS. Lebo inadanganya, Windows inadanganyika, lakini nouveau inaisoma chipu yenyewe: GTX 1050 Ti halali itaandikwa GP107, ya bandia itaandikwa GF106 au GF116. Dalili nyingine huhitaji hata kompyuta kuiona: "GTX 1050 Ti" yenye tundu la bluu la VGA nyuma yake. Rudisha kadi kaunta.